Weusi wa Mara ya Tatu

Mara mbili tanuri la maabara la kuoteshea nyaya zisizoonekana kwa macho lilimrudishia masizi matupu, na profesa alishasema hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Binti mtafiti alikivuta kutoka tanurini kipande cha silikoni, kidogo kama ukucha. Cheusi tii! Hasira zikampanda. Akakipitishia kidole gumba chenye glavu, kama anayefuta meza, na weusi ukatoka.

"Kilete hivyohivyo tukione," profesa alisema akiingia. "Hata kushindwa kunapimwa."

Binti akakiweka kwenye hadubini. Skrini ikaonyesha kwanza pembe ambayo kidole hakikufika: nyaya maelfu kwa maelfu, nyembamba kuliko unywele, zimesimama wima kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Nyaya zikiota vizuri hivyo humeza mwanga wote, ndipo kipande huwa cheusi. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

Profesa alipiga makofi, akasogeza picha katikati. Huko zote zilikuwa zimelala, zimevunjikavunjika, kwenye mstari mmoja mpana.

"Mama wee! Kimepita nini hapa?"

Binti akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja. Glavu ilikuwa bado nyeusi.