Kupokezana Ufunguo

Chumba chao cha mtaa wa La Rochelle, mwendo wa saa moja kutoka Pretoria, kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ndio uliowakutanisha Murielle na mumewe kila kukicha. Cédric alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi huko Randburg. Alirudi kupambazuka, wakati Murielle anatoka kwenda kusuka nywele Jules Street. Mlangoni Murielle alimtilia ufunguo kiganjani.

"Pole na usiku."

"Kazi njema, chérie."

Basi. Jioni mambo yaligeuka, yeye akiingia, mume akitoka. Kitanda chao hakikupata kupoa, lakini ilikuwa nadra kulaliwa na watu wawili. Hata Jumapili Cédric alisinzia kanisani mpaka bega la Murielle likafa ganzi.

Dada yake, Orpha, alikuwa anafungua saluni Pretoria. "Kiti chako kipo, chumba kipo," alimwambia. "Njoo ukae na mimi. Huyo mume unamwona wapi, kwenye picha?" Alitaka jibu Jumatatu. Murielle hakuwa amemwambia Cédric. Maneno mengi namna hiyo hayangeenea pale mlangoni.

Ndipo mteja wake mmoja, aliyekuwa na nyumba ya wageni Vereeniging, akamwambia vyumba vimekaa vitupu. Nani anakwenda mtoni na baridi hii? Nendeni nyinyi, mkapumzike. Cédric akaomba ruhusa ya siku mbili, akapewa. Murielle akajiambia, huko nitasema.

Walifika Jumamosi adhuhuri. Mji ulikuwa umetulia kana kwamba umefunikwa blanketi. Mto Vaal ulipita taratibu, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na nyasi za ukingoni zilikuwa zimekauka zikawa kama nywele za mzee. Jua la Julai liliangaza bila kuchoma. Wakaketi kwenye benchi chini ya mti uliopukutika majani. Murielle akavuta pumzi, akayapanga maneno.

"Cédric, kuna kitu nataka..."

Kidevu cha Cédric kilikuwa kimeshaangukia kifuani.

"Wee! Umekuja kulala?"

"Mimi? Naangalia mto."

"Kwa macho gani?"

Akacheka, akafumba tena. Alilala mpaka jua lilipoanza kuzama. Jioni ikawa zamu ya Murielle: wiki nzima ya kusimama ilimshukia mara moja, akasinzia kabla chai haijapoa. Jambo la mwisho alilofikiri ni kwamba Orpha alisema kweli. Hata huku, mbali na kazi zote, wao walikuwa watu wa kupishana tu.

Alipoamka, dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe na upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Mikono yake ikaanza kazi kabla yake. Akanawa uso, akafunga kitambaa kichwani, akavaa koti, akachukua ufunguo juu ya meza. Alipofungua mlango, Cédric alikuwa kizingitini, kofia imefunika masikio, mvuke ukimtoka mdomoni. Hakuwa ameweza kulala. Alikuwa amezunguka nyumba akihakiki kila dirisha.

Murielle akamtilia ufunguo kiganjani.

"Pole na usiku."

"Kazi njema, chérie."

Akampita. Akaifuata njia, nyasi zenye barafu zikilia chini ya viatu vyake, mpaka getini. Hapo akasimama. Mbele yake hapakuwa na teksi wala Jules Street. Palikuwa na mto, na juu ya mto ukungu ulikuwa unapanda polepole, mweupe, kama maji yenyewe yanapumua.

Akageuka. Cédric alikuwa bado mlangoni, ameukodolea macho ufunguo.

"Murielle," aliita. "Unaenda wapi?"

"Sijui! Na wewe, unalinda nini?"

Wakacheka mpaka ndege wakaruka kutoka majini. Kisha kicheko cha Murielle kikageuka kilio, na Cédric akaja mbio.

Wakarudi kwenye lile benchi, wamejifunika blanketi moja, na ndani ya ukungu Murielle akayasema yote: Pretoria, kiti, chumba, Jumatatu. Cédric alisikiliza, macho wazi.

"Niliomba zamu ya mchana," alisema mwishowe. "Mara mbili. Wakakataa. Niliona haya kukuambia."

"Ungeniambia lini?"

"Mlangoni."

Akaugeuza ufunguo mkononi. "Na mimi nimechoka, Murielle. Sikuoa ili nikuone umevaa koti kila siku." Akautia mfukoni. "Huko Pretoria hakuna majengo ya kulinda mchana?"

"Lazima yapo. Utatafuta?"

"Nitatafuta. Na hicho chumba cha Orpha, mlango wake una funguo ngapi?"

Jua lilikuwa limeanza kupenya, na ukungu ukawa wa dhahabu. Murielle akatoa simu, akampigia Orpha.

"Dada, kile chumba kina funguo ngapi?"

"Eish! Unaniamsha kwa ajili ya funguo? Mbili. Kwa nini?"

"Tunakuja wawili."

Orpha akacheka. "Haya, njooni. Lakini mbona unanong'ona?"

Murielle hakuthubutu kusogea. Bega lake lilikuwa limeanza kufa ganzi.

"Amelala," alisema.