Mpira wa Babu Lucius

Jumamosi moja mchana, pale Birmingham, Alabama, Odessa Tolliver alikaa nyuma ya wavu akila karanga za kuchemsha na kupima mwendo wa mipira. Ndiyo kazi aliyopewa na Wafuachuma, timu kongwe ya besiboli ya watu Weusi: kumulika kila mpira kwa kipimamwendo na kutangaza umekwenda maili ngapi kwa saa.

Mrushaji alipokwenda kunywa maji, Babu Lucius akashika nafasi yake. Huyu alikuwa kaka wa bibi yake Odessa, naye alifariki kabla Odessa hajazaliwa. Jezi yake ya sufu ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Mjukuu, nasikia siku hizi mnapima."

"Tunapima, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Enzi zetu walipimwa wa ligi ya Wazungu tu. Haya, washa."

Terrell, mdakaji, akachuchumaa. "Taratibu, mzee, usije ukateguka bega."

"Bega lipi? Langu liko makaburini. We chunga kiganja chako."

Mpira ukatua kwenye glavu, pa! Kisha Babu Lucius akainua mguu na kuurusha. Kipimamwendo kikaonyesha maili mia moja na tisini, kikafikiri kidogo, kikaongeza kumi.

Terrell alivua glavu akapuliza kiganja. "Huu umefika kabla haujatoka. Sasa nitaudakaje?"

"Ushaudaka," alisema Odessa.

Mwaka ule kamati ya takwimu ya ligi kuu ilikuwa ikiingiza warushaji wa zamani kwenye kumbukumbu zake. Odessa akampigia simu Bwana Haskell wa kamati. Jumamosi iliyofuata Bwana Haskell akaja amevaa tai yake, akamtazama Babu Lucius akirusha, akasogeza kofia kukinga jua, akatazama tena.

"Kufa kwake si tatizo," alisema. "Marehemu tunao wengi. Tatizo ni kanuni. Lazima awe amerusha katika mechi ya ligi kuu."

"Si mlimkataza kuingia kwa sababu ni Mweusi?"

"Najua. Ndiyo maana hana mechi."

Odessa akazima kipimamwendo. "Yaani mmemfungia mlango, halafu mnamuuliza mbona hakuingia?"

"Dada yangu, kanuni sikuitunga mimi."

"Mwache, mjukuu," Babu Lucius alicheka. "Babu yake huyu alinifukuza kwa matusi. Yeye angalau ana adabu."

Bwana Haskell akakohoa, akatoa mpira mpya mfukoni mwa koti. "Mzee, unaweza kunitilia saini? Si wa kamati. Wa kwangu, nyumbani."

Babu Lucius akaandika jina lake lote, kwa mwandiko wa kujivuna. Bwana Haskell akaupuliza wino ukakauka, akashukuru, akaenda zake. Jina lile liko kabatini kwake mpaka leo, kati ya vikombe vya chai vya mkewe, na wageni wakifika huwaonyesha.