Ufa wa Ghorofa ya Nne

Hilaro, msimamizi wa nyumba tuliyopanga pale Subura, mtaa wa Roma, alikuja na ndoo ya lipu, akaupaka ule ufa, akajipangusa mikono na kuniambia kazi imekwisha. Imekwisha! Ufa ulitoka sakafuni hadi darini, kiganja changu kinaingia, na chini yake ndipo alipolala mjukuu wangu mchanga na mama yake, binti yangu Vibia. Chumba kilikuwa kimoja, hatukuwa na pembe nyingine ya kumlaza mtoto.

"Umeupaka poda tu huo, Hilaro. Nguzo iko wapi?"

"Mama Trebia, ukuta huu utakuzika wewe."

"Si ndicho ninachokiogopa!"

Vibia alicheka. Mimi hasira zilinikaba. Mwenye nyumba yuko zake Baiae, anakula chaza na kupunga upepo wa bahari kwa kodi yetu, na sisi tunapandisha maji ghorofa ya nne kwa mgongo.

Lipu haikukaa, ikapasuka. Kisha Hilaro akaleta mtu na mkewe kuona chumba cha jirani, kinachotumia ukuta uleule. Nikamsikia akiusifu mpaka nikatoka.

"Uegemee," nikamwambia.

"Mama, nina wageni."

"Ndiyo, mbele yao. Weka mgongo wote, kama ni imara."

Akanyoosha mkono, akaugusa ukuta kama mtu anayegusa sufuria ya moto, akaurudisha. Wale wageni wakashuka ngazi bila hata kuaga.

"Wewe una mdomo!" Hilaro akafoka. "Mosi Julai unahama!"

Hata angeniambia kesho ningekubali. Tulipata kijichumba nyuma ya karakana ya dobi, kinanuka mkojo wa kufulia nguo, lakini kuta zake nzima. Siku yenyewe, mikataba ya wapangaji wote inapokwisha na Roma yote ikiwa barabarani na vitanda vyake, nilikuwa nashusha susu ya mtoto nilipokutana ngazini na mwanamke anapandisha godoro kuhamia chumba chetu. Mimba yake ilikuwa ya kujifungua wakati wowote.

"Mwanangu, usiende kulala mle. Wamekuficha, kuna ufa nyuma ya lipu."

Akatua godoro, akahema.

"Hawakunificha, mama. Nimeuona. Kwani wewe una chumba kingine cha kunipa?"

Nikaibana susu ukutani ili apite.