Fulana ya Muuza Dawa

Fulana za matembezi zilifika Jumamosi asubuhi, zimefungwa kumi kumi. Kifuani ilichapishwa picha ya binti aliyefariki kwa saratani ya mfupa akiwa na miaka tisa. Kila mwaka mtaa mzima hutembea kumkumbuka na kuchangia matibabu ya watoto wengine, na kila mwaka anayebeba bango mbele ni muuza dawa, ambaye wote humwita Daktari ingawa udaktari hakuusomea.

Kwenye fulana zote binti anacheka. Kwenye ya Daktari huonekana kisogo chake tu. Mwaka wa kwanza Daktari alibadilisha fulana mara tatu, na kila mara binti aligeuka kabla hajamaliza kuingiza mikono. Mchapaji alisema wino hauna kosa. Mama wa binti aliitazama, akamnyooshea pindo.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Akinuna, hageuki mpaka umwombe radhi. Ulimfanya nini mwanangu, Daktari?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka.

Alichomfanya anakijua. Kwa miezi minne mama huyo alimletea binti anachechemea, naye akawauzia vidonge vya maumivu. Uvimbe chini ya goti aliuona. Lakini akiwa ameshavaa koti jeupe, ameshaitwa Daktari, aliona haya kusema hajui. "Anakua tu huyu," alisema. Maneno hayo yanamtafuna mpaka leo.

Mwaka huu, Jumatatu baada ya matembezi, mama wa binti alikuwa dukani akikunja fulana zilizobaki. Daktari alikuwa amevaa yake ndani ya koti lililo wazi. Akaingia mwanamke amemshika mkono mtoto anayechechemea.

"Goti, Daktari. Wiki ya tatu hii."

Aliinama, akaligusa. Uvimbe ulikuwa pale pale. Neno hospitali likamfika kwenye ulimi. Nyuma yake mama wa binti alikuwa ameacha kukunja, anasikiliza. Akilisema leo, ataulizwa kwa nini hakulisema siku ile.

"Anakua tu huyu," alisema, akavuta droo ya vidonge.

Kitambaa kikasogea kifuani mwake. Binti alikuwa amegeuka. Hakumtazama Daktari, alilitazama goti la yule mtoto.

Daktari akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema. "Baada ya kula."