Miraba ya Baba

Marehemu baba yangu, Protais, hakuwahi kuchora uso wa mtu. Alisomea uchoraji Ubelgiji miaka ya sitini, akarudi kwetu Uvira, kando ya ziwa, akichora miraba tu. Wachoraji wa kule, alisema, walitoka vitani wamechoshwa na nyuso, wakabaki na rangi na maumbo tu. Basi na yeye akachoka nazo, hata uso wangu. Jambo hilo limeniuma tangu utotoni, na kwa umri wangu wa miaka hamsini na tano sioni aibu kulisema.

Mwaka huu ziwa limepanda hadi kizingitini, nami nilikuwa nahamia Mutarule, mbali na maji. Mchana maji hurusha mwanga ukutani, na picha yake moja iliyobaki huelea: mraba mkubwa wa kijivu cha fedha, bluu juu yake, na pembeni alama ndogo nyekundu. Nikiitazama kwa usingizi, naona nyumba nzima inasafiri polepole, na mimi peke yangu sikupewa nafasi.

Aimé, kijana wa Uvira anayefanya kazi katika jumba moja la sanaa Bujumbura, alikuja kuichukua. Nilikuwa nimeshakubali iende. Kwa nini nihangaike kuokoa kitu ambacho mimi simo ndani yake?

"Mama Sidonie, usitafute muntu ndani," aliniambia. "Kijivu iko kijivu, mraba iko mraba. Ile tu njo uzuri yake."

"Hata baba alinijibu hivyo hivyo," nikasema.

Akang'oa fremu ili picha ipite mlangoni. Fremu ile ya mbao pana niliiagiza mimi baba alipokufa. Nilimwambia seremala afunike ukanda wa kijivu hafifu uliokuwa ukingoni, maana niliona kama rangi ilimwishia mzee. Sasa ukanda ukatokea tena.

Mama Zaina, jirani aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja na marehemu mama yangu ufukweni miaka yote, alikuwa amekuja kuniaga. Akaitazama picha, kitenge chake kikichuruzika maji.

"Hii njo muchanga yetu ya kuanikia," alisema. "Hii kijivu iko ndagala za mama yako, zinakauka. Nyekundu njo kitambaa alikuwa anafunga ku kijiti, watu wasiokote samaki yake."

"Na huu ukanda?"

"Weye haujuwe? Kila mama akizaa binti, alikuwa anamukatiya kipande ya muchanga ku kando ya yake. Upana ya kiganja moja. Ndagala za pale zilikuwa za mutoto."

Nyuma ya picha baba aliandika mwaka, nami nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuufikiria. Ni mwaka niliozaliwa.

Nililia mbele yao wote wawili. Aimé akaokota fremu, akauliza kama airudishe. Nikamwambia aitie jikoni iwe kuni, na picha itaenda nami Mutarule. Kisha nikaweka kiganja changu juu ya ule ukanda. Kilienea upana wake sawasawa.