Gazeti Chini ya Gari

"Hivi hilo gari lenu halijafundishwa kwenda chooni?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu tunayemwita Redio, amesimama getini, kidole kimeelekea kwenye unyevu chini ya gari la marehemu mume wangu. Mimi nilicheka. Binti yangu hakucheka, maana gari lile baba yake alimwachia yeye. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi mji wa mbali, na Jumatatu alfajiri alitakiwa aondoke nalo, yeye na mtoto wake. Mumewe angebaki.

Mkwe wangu hakuwahi kusema hataki. Yeye akichukia jambo hunyamaza, halafu hutafuta kitu cha kutengeneza. Wiki ile alitengeneza mlango wa choo, kitasa cha kabati, na kiti ambacho wala hakikuwa kibovu. Kwa hiyo aliposema Jumapili ataosha rejeta inayopoza injini, atoe maji yote ya zamani aweke mapya, nilimshukuru Mungu. Nikajua moyo umelainika.

Kazi aliifanya vizuri, siwezi kumsingizia. Alisubiri injini ipoe kabisa ndipo akafungua kifuniko. Akalegeza klipu, ile pete ya chuma inayobana mpira wa chini wa rejeta, akauchomoa mpira, maji yenye rangi ya kutu yakamwagika kwenye beseni. Nilimkanya mjukuu wangu asiyasogelee, yana utamu wa kudanganya na ni sumu. Akanijibu kwamba yeye si mbuzi. Baba yake akapitisha maji ya bomba mpaka yakatoka meupe, akarudisha mpira, akabana klipu. Kisha akamimina maji ya kijani ya rejeta, polepole, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yalipanda, yakapasuka, naye akawa anaongeza mpaka yakatulia. Akafunga, akazima, akasema tayari. Mkewe alimshukuru, akaingia ndani kumalizia kukunja nguo.

Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni nasugua sufuria. Nikamwona amesimama na bisibisi mkononi, anatazama begi la mtoto lililokwisha kuwekwa kiti cha nyuma. Akatazama mlango wa nyumba. Akainama tena, mkono ukaingia chini ya rejeta, bisibisi ikazunguka. Kushoto. Na kushoto ni kufungua, hata kwa kifuniko cha chupa.

Nilijaribu kumtetea moyoni. Labda nimeona vibaya, labda ndivyo inavyokazwa. Nikafunga bomba, nikamwomba Mungu anipe maneno machache. Nikachukua gazeti kavu, nikaenda kulitandika chini ya gari.

"Washa tena, baba," nikamwambia. "Nataka nione kama limeshajifunza choo."

Akacheka kicheko kisichofika machoni. Akanisihi nisijichoshe, kazi imekwisha. Sikuondoka. Akawasha. Binti yangu aliposikia muungurumo akatoka na gauni la mtoto mkononi, akauliza kuna nini tena. Nikamwonyesha gazeti.

Tone la kwanza likaanguka, la kijani, likatanuka juu ya maandishi. La pili. Halafu yakawa yanakimbizana.

Binti yangu alitazama gazeti, akatazama ile bisibisi. Akapeleka mkono ndani ya gari, akazima mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Ulitaka lichemkie wapi?"

"Hapo tu," mumewe akasema. "Nilijua halivuki hata daraja la hapo chini. Ungenipigia simu, ningekuja kuwachukua."

"Na kama lingevuka? Likaniachia porini na mtoto?"

Nilimwona usoni jambo hilo likimfikia kwa mara ya kwanza. Akasema mawazo yake hayakufika huko.

"Si ungesema tu nisiende."

"Ningesema, ungebaki?"

Binti yangu alilikunja lile gauni mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nikaliondoa gazeti lililolowa.

Binti yangu akanyoosha mkono apewe bisibisi. Mumewe hakumpa. Aliinama mwenyewe, akakaza klipu kwenda kulia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaongeza maji ya kijani kwenye chupa ya akiba iliyo pembeni ya rejeta. Nikatandika gazeti jingine. Akawasha, tukasimama watatu tumeinamisha vichwa kama watu walio kwenye sala. Injini ikapata moto. Gazeti likabaki kavu.

Akazima. Akaweka bisibisi juu ya boneti, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu. Shati lake lilikuwa kwenye kamba ya kuanikia, bado bichi. Akalivaa hivyo hivyo, akafungua geti, akatoka. Binti yangu akalitia lile gauni kwenye begi la mtoto, kiti cha nyuma.