Fomu ya Mdogo Mtu

Ko, ko, ko. Fundi cherehani aligonga mkasi mezani mara tatu, kama ilivyo kawaida yake, ndipo akakata kitambaa.

Wivu ulikuwa unamtafuna. Tangu mdogo wake aanze kwenda kwa mwanasaikolojia kupimwa jinsi akili yake inavyofanya kazi, mama yao amekuwa laini kama pamba. "Mwacheni mwanangu, ndivyo alivyoumbwa." Fundi, kwa vituko vya namna hiyohiyo, alichapwa utoto mzima.

Mdogo mtu akaingia akicheka, fomu mkononi. Mwanasaikolojia alitaka kaka aeleze utoto wa anayepimwa, na Fundi alikuwa ameijaza jana yake kwa hasira, amesimama wima.

"Kaka, umeandika nilikuwa naziba masikio kengele ya shule ikilia."

"Ndiyo."

"Na kwamba nagonga kijiko mara tatu kabla ya kula. Mimi? Mimi nilikuwa namaliza sahani kabla hujanawa!"

Fundi akaisoma upya. Kila jibu lilieleza utoto wake yeye mwenyewe, si wa mdogo wake.

"Wewe umepata wa kukuuliza," akafoka. "Mimi nani aliniuliza?"

Mdogo wake hakucheka tena. Akachukua kalamu, akafuta jina lake juu ya fomu, akaandika la kaka yake.

"Yangu nitaomba nyingine. Kesho saa tatu, twende wote."

Fundi akaushika mkasi, akaurudisha mezani bila kuugonga.

"Nitakuja, mdogo wangu, nakuahidi. Na mama nitamwambia mwenyewe kwamba nami naenda kupimwa."